Mkomani na Langoni: Mashindano Yasiuzwe

Ukaribiapo mwisho wa Mfungo Sita, mji wa Amu hujaa watu hata mahali pa kumlaza mgeni pakawa shida. Wengine hutoka Mombasa na Malindi, wengine Unguja na Ngazija, wote wamekuja kwa Maulidi ya Riyadha. Maulidi yenyewe ni ibada na mapenzi ya Mtume wetu (S.A.W.), nami hapo sina la kuongeza. Ninalotaka kulizungumza leo ni lile liendalo kando yake: mbio za punda pwani, mbio za mashua baharini, kuogelea, kuvuta kamba, bao na kirumbizi. Machoni mwa mgeni hiyo ni michezo ya kupitishia alasiri. Kwetu sisi Waamu ni swali la tangu enzi za mababu ambalo halijapata jibu la mwisho, na inshallah halitalipata: nani zaidi, Mkomani au Langoni?

Nalizungumza kwa sababu mwaka hata mwaka naliona swali hilo likigeuzwa pole pole, na wanaoligeuza hatuwaulizi. Mashua inashinda, lakini tangani pameandikwa jina la mfanyabiashara. Kijana anampanda punda, fulana aliyovaa ina sura ya mtu atakaye kura. Mshindi akitajwa, hutajwa pamoja na aliyetoa fedha, na mtaa wake hautajwi. Mimi ni mtoto wa Mkomani kwa baba na wa Langoni kwa mama, kwa hivyo siku ya mashindano sina raha upande wowote. Lakini afadhali raha hiyo iliyogawanyika kuliko kushangilia duka.

Kwa msomaji ambaye hajapata kufika kwetu, mji wa Amu umelala ubavuni mwa bahari, ukiitazama Manda. Usita wa Mui unaupita kwa urefu wake, na katikati ipo ngome, iliyomalizika kujengwa mwaka 1821, yenye uwanja wa Mkunguni mbele yake. Kaskazini ya hapo ndiko Mkomani, penye majumba ya mawe ya kale, milango ya nakshi na zidaka. Kusini ndiko Langoni, palipokua kwa watu waliokuja na bahari: Wahadhrami, Wangazija, Wabajuni na wengineo. Mtu mwenye haraka humaliza pande zote mbili kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Na bado wako wazee ambao ukiwauliza habari ya upande wa pili watakujibu kama watu wanaoelezwa nchi ya ng'ambo.

Mgawanyiko huu una mizizi mirefu. Riwaya za mji, zile alizoziandika Shaibu Faraji bin Hamed katika Khabari za Lamu, zilizochapishwa mwaka 1938, zinasema hapo mwanzo palikuwa na miji miwili, Hidabu na Weyuni, ikapigana, kisha ikawa mmoja. Baadaye mji ukawa na makundi mawili, Zena na Suudi, yaliyoshika uongozi kwa zamu, wazee wakikutana Yumbe. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu. Watu hawa hawakuwa na mfalme kama Pate. Walikuwa na mafungu mawili yasiyopendana sana, wakakubaliana kupokezana. Mji uliojua kusema leo wewe, kesho mimi, hauwezi kuitwa mji usiojua siasa.

Tena siku ya shida wakawa kitu kimoja. Katika miaka ya 1812 na 1813 hivi, jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilipoteremka Shela, hatusikii kwamba fungu moja la Amu lilikaa nyumbani likitazama. Bwana Zahidi wa Mgumi aliusimamisha mji, na adui alirudi akiwa ameacha maiti wake mchangani. Ushindani na Mombasa nao ukaingia katika tungo, Bwana Zahidi huku na Muyaka bin Haji kule, wakarushiana maneno ambayo mpaka leo wenye kujua lugha huyasoma kwa kutabasamu. Hiyo ndiyo tabia yetu: panga likirudi alani, ulimi hutoka. Hata katika uchaguzi wa 1974 na ule uliofuata 1975, Amu ilipigana kwa tungo zilizoitwa Kimwondo, na wataalamu wa nje wakaja kuzikusanya na kuziandikia vitabu.

Baina ya vita na uchaguzi zilikuja ngoma. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika ya Mashariki, ameitafuta asili ya beni akaikuta katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na Amu ameitaja sana. Tarumbeta na sare zilikuwa za kizungu, lakini ugomvi ulikuwa wetu, umevishwa kanzu mpya. Mombasa walikuwa na Kingi na Skochi. Akina mama wao walikuwa na vyama vya lelemama, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa nguo, kwa nyimbo na kwa karamu hata mabwana wao wakashika vichwa. Nayataja haya ili asije mtu akadhani kuwa mashindano ya mitaa ni jambo la Amu peke yake, au kwamba yalikuwa siku zote ya adabu. Hayakuwa. Pesa ziliteketea, na maneno yaliyotamkwa mengine hayafai kuchapishwa katika ukurasa huu.

Hapa nafika kwa wale wasemao kwamba mashindano haya heri yafe kabisa. Hoja yao si ya kupuuza. Wanasema chini ya Mkomani na Langoni kulikuwa na jambo zito zaidi ya mtaa: nani mungwana na nani mgeni, nani wa nyumba ya mawe na nani wa nyumba ya makuti, nani babu yake aliuzwa na nani babu yake alinunua. Ni kweli. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akaja kuishi Amu, alipowasomesha watu wa chini waliokuwa hawapewi nafasi, na alipoyaleta maulidi ya Habshi yakasomwa kwa matari, wako wakubwa wa mji waliokunja nyuso. Abdul Hamid el-Zein ameyaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha 1974. Leo zefe la Riyadha linapita mjini na wajukuu wa waliokunja nyuso wamo ndani yake. Basi naona jambo lililokuwa ugomvi wa nasaba limekwisha kuhamia katika tanga na kwato. Huko ndiko kwake. Ukiyavunja mashindano, uchungu hautakufa pamoja nayo. Utarudi barazani, mahali usikopigiwa filimbi ya mwisho.

Wengine duniani wamelijua hili. Uingereza wana vyuo vikuu viwili, Oxford na Cambridge, ambavyo tangu mwaka 1829 hushindana kwa makasia katika mto Thames. Watu laki kadhaa husimama ukingoni kuwatazama vijana wanane wanane wakivuta pumzi. Hawapiganii fedha. Italia uko mji wa Siena, ambao pengine ndio ndugu yetu wa karibu zaidi: una mitaa 17, na mara mbili kwa mwaka, Julai 2 na Agosti 16, farasi kumi hukimbia katika uwanja wa mji bila ya matandiko, kama punda wetu. Mtaa ushindao hupewa kitambaa kilichochorwa. Kitambaa tu! Na watu wazima hukilia. Karibu zaidi nasi, Dar es Salaam, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936, zote za Kariakoo, zimefanya nusu ya nchi isiseme na nusu ya pili kila zikutanapo. Na Makunduchi, Unguja, watu wa kaskazini na wa kusini hupigana kwa vigogo vya migomba siku ya Mwaka Kogwa, wakimaliza wakala pamoja.

Ama kwa sheria ya dini, jambo hili si geni. Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake imesomeshwa pwani hii kwa karne nyingi, ana mlango mzima wa mashindano. Amewataja farasi, na katika kauli iliyo na nguvu zaidi ameongeza tembo, baghala na punda. Punda! Watoto wa Amu wangelijua hilo wangelitembea kwa maringo zaidi. Kuogelea, kwa upande wa pili, amekutaja miongoni mwa michezo isiyowekewa mali, ingawa kuogelea kwenyewe hakuna aliyekukataza. Kuhusu mashua nawaachia masheikh, wapo na wanajua. Lakini asili ya mlango ule iko wazi: zawadi itolewe na mtawala, au na mtu wa kando, au na upande mmoja tu. Pande zote mbili zikitia mali yao ili mshindi achukue yote, na asiwepo wa tatu asiyetia kitu, hiyo ni kamari. Lugha yetu yenyewe ina mzaha hapa, maana dau ni chombo na dau ni mali ya kamari, na kule Amu siku hizi si rahisi kujua lipi kati ya hayo mawili linaloelea. Nasema hivi kwa sababu ya wale wanaosimama pembezoni siku ya mbio wakiweka pesa juu ya punda wa fulani. Wanajulikana, na wazee wa mitaa wanawajua kuliko mimi.

Ipo pia habari iliyomo katika Bukhari, ya ngamia wa Mtume (S.A.W.) aliyekuwa hashindwi, mpaka siku moja akaja bedui na ngamia wake mdogo akampita. Masahaba wakaona uchungu. Mtume akawaeleza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokipandisha kitu duniani ila akishushe. Naipenda habari hiyo kwa sababu haifichi uchungu wa masahaba. Walikuwa na upande wao.

Sasa nije kwenye mashua, maana hapo ndipo penye hofu yangu kubwa.

Mfereji baina ya Amu na Manda si bwawa. Kusi likivuma, kwenda Shela ni kubisha: nahodha huenda joshi kwa kadiri chombo kinavyoweza kuuma upepo, hufika karibu na ufuo, hugeuza foromali, wakaao ubaoni huruka upande wa pili, na tanga likishika vibaya kwa pumzi mbili tu mwenzio amekupita. Kurudi ni kufungulia. Kaskazi likivuma, mambo hupinduka. Juu ya hayo kuna maji kujaa na kupwa, ambayo katika mfereji yana nguvu kama mtu anayekuvuta kanzu. Mwenye akili hubana pwani anapoyapinga na hutoka katikati anapoyafuata. Hayo hayaandikwi ubaoni. Hujulikana kwa makalio na viganja.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona likisemwa. Maulidi yanafuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo mbio za Maulidi huzunguka majira yote. Kwa miaka kadhaa huangukia kusi, kisha maleleji, kisha kaskazi, na mzunguko hutimia kwa miaka thelathini na mitatu hivi. Nahodha aliyekuwa bingwa wa kusi huamka siku moja akakuta majira yamemwacha na zamu imemwangukia mwingine. Mtaa uliotaka kushinda siku zote ulilazimika kuwa na manahodha wa kila pepo, na kuwafunza vijana wao kabla zamu yao haijafika. Hakuna aliyekaa akaupanga utaratibu huo, nao ulikuwa shule.

Tamasha la utamaduni, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu na wakati mji wetu wa kale ulipoingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lina manufaa yake. Limeleta wageni, limewapa mafundi soko. Lakini kawaida yake ni Novemba, wakati ambapo upepo wenyewe haujaamua unataka nini, maana wageni na ndege zina kalenda yao. Mbio zikiendeshwa kila mara katika upepo mmoja, na kwa zawadi ya fedha, hutokea lile tunaloliona: mashua chache zilizotengenezwa kwa mbio tu, wenye nazo wachache, na mabaharia wanaokodiwa kwa siku bila kuuliza ni wa mtaa gani. Kijana wa Langoni anashika demani ya chombo cha Mkomani kwa sababu huko wamelipa zaidi. Simlaumu, ana nyumba ya kulisha.

Kumbukeni pia kwamba tanga lenyewe halina maisha mengi mbele yake. Mashini zimeingia, maboti ya faiba yameingia, na tangu gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa mwaka 2021 upande wa Manda, bahari iliyokuwa ya wavuvi ina wenyewe wapya. Matondoni bado mafundi wanachonga, lakini fundi huchonga anachoagizwa. Ikiwa atakayeagiza mashua ya tanga ni mtalii na mfadhili peke yao, basi tutabaki na chombo na tutapoteza nahodha. Chombo waweza kukiweka katika makumbusho. Nahodha huwezi.

Juu ya mpira wa miguu sitasema mengi. Vijana wetu wanaucheza, wana timu zao, na Jumamosi jioni nusu yao huipigania Arsenal na nusu Manchester kwa hasira ambayo babu zao waliiwekea Zena na Suudi. Sina ugomvi nao, ila nachekeshwa na kijana wa Gadeni na kijana wa Mkomani wanaonuniana wiki nzima kwa ajili ya vilabu vya nchi ambayo hawajaiona.

Punda nao wana haki yao ya kutajwa. Mpandaji wa Amu hukaa nyuma kabisa, karibu na mkia, bila ya tandiko, na mtoto wa miaka kumi na mitano aliyezoea kubeba mawe na mchanga kwa punda wake humjua kuliko anavyozijua hesabu zake. Tangu 1987 ipo Amu zahanati ya punda, iliyofunguliwa na watu wa Uingereza, na imewafunza wengi kwamba punda mwenye vidonda ni aibu ya mwenyewe. Naomba wasimamizi wa mbio wawe wakali hapa. Punda mwenye kidonda mgongoni asipangwe, hata akiwa wa mtaa wangu, hata akiwa ndiye mwenye mbio kuliko wote. Na fimbo yenye msumari ikionekana, mpandaji aondoke na mtaa wake upoteze zamu. Kuna hadithi za kutosha juu ya kuwahurumia wanyama, nasi tunazisoma katika mwezi ule ule tunaokimbiza punda.

Basi ninayoyataka ni machache. Kwanza, mbio za Maulidi ziendeshwe kwa mitaa na vijiji: Mkomani, Langoni, Shela, Matondoni, Kipungani, na kila mtaa uingize mashua yake na mabaharia wake wenyewe, waliolelewa hapo. Mfadhili akitaka kutoa, na atoe. Atashukuriwa jioni hadharani, na jina lake libaki nje ya tanga. Mwenye kutaka kura asubiri siku za kura. Pili, mali isitoke kwa mabaharia wanaoshindana. Tatu, kila mashua ilazimike kuchukua vijana wawili ambao hawajapata kushindana, wakae ubaoni na waruke pamoja na wakubwa, watapike ikibidi. Hilo la tatu litapingwa na manahodha wote, kwani kijana asiyejua ni uzito, nami nasema uzito huo ndio ada ya shule.

Na fedha taslimu kwa mtaa mshindi ziondolewe. Ziwepo za kuwafidia mabaharia siku zao na za kutengeneza tanga likipasuka, basi. Mtaa wenyewe upewe bendera ya kitambaa, mpya kila mwaka, yenye mwaka wa Hijria na jina la mtaa, nayo itundikwe ngomeni, pale Mkunguni katikati ya mji, ambapo watu wa pande zote mbili hupita wakienda sokoni na hawawezi kujifanya hawakuiona. Mwaka ukiisha, bendera iliyotangulia isitupwe, itundikwe ndani pamoja na nyingine, ili baada ya miaka thelathini na mitatu mtu aweze kusimama mbele yake akasoma ni nani alishinda kwa kusi na nani alishinda kwa kaskazi. Kofia za Amu zinashonwa kwa mkono mpaka leo, na mikono ile ile inaweza kushona herufi. Ya kwanza nashauri ishonwe na akina mama wa mtaa ulioshindwa.